Usiku wa Ijumaa

Pale Ghala, mwenye kuandika ubao ni mimi. Ubao wenyewe ni mlango wa zamani tulioupaka rangi nyeusi na kuuegemeza langoni. Kila mwezi ukianza naufuta kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha naandika kwa chaki yatakayokuja: nani ataimba, nani atazungumza, siku gani, saa ngapi. Watu huona ni kazi ndogo. Hata mimi niliiona ndogo, mpaka mwaka jana, mwezi wa nane.

Ghala lilikuwa banda la kuwekea mbata hapa Msambweni, enzi nazi ilipokuwa na bei. Mbata zilikwisha, likabaki banda na harufu yake. Tukaingiza viti vya plastiki themanini, jukwaa la mbao, taa nne na feni mbili, moja hulia kama mtoto asiyetaka kuogeshwa. Wageni wakija tunaliita nyumba ya sanaa. Wenyewe kwa wenyewe ni Ghala tu.

Mwezi huo ubao ulijaa. Vijana wa kayamba kutoka Mkongani, Jumamosi ya kwanza. Wiki ya pili mazungumzo kuhusu mikoko, ambayo nilijua yatapata watu tisa na yakapata wanane. Alhamisi ya tatu, mtafiti kutoka Nairobi aje azungumze juu ya nyimbo za zamani za pwani, na mazungumzo yake aliyapa jina "Sauti Zinazopotea." Na kesho yake, Ijumaa, saa moja na nusu usiku, nikaandika kwa herufi kubwa kuliko zote, mpaka chaki ikanivunjikia mara mbili: UMMI NA KADZO.

Ummi ni mama yangu mzazi. Kadzo ndiye aliyekuwa mwenzake. Kwa zaidi ya miaka ishirini hapakuwa na harusi ya maana kutoka Ukunda mpaka Vanga ambayo hao wawili hawakuiimbia, mama na tari lake, Kadzo na sauti yake nzito iliyokuwa ikitoka chini kabisa tumboni. Waliishi nyumba ya tatu kutoka yetu, Kadzo na mumewe na mwanawe Abdulaziz, na mimi nilikula kwao kuliko kwetu.

Walikuwa na hodi yao. Kadzo hakubisha mlango wetu kama walimwengu wengine. Alisimama nje akaimba:

*Hodi, hodi wa ndani, mgeni hana kiatu.*

Na mama, hata awe na unga mpaka kwenye viwiko, alimjibu kutoka jikoni:

*Pita, kiatu cha nini, mkeka wetu ni mmoja.*

Asipojibiwa, haingii. Siku moja mama alikuwa amemnunia kwa jambo la kipuuzi, akakaa kimya, na Kadzo akasimama juani mpaka nikamwonea huruma. Nilikuwa na miaka minane. Nikatoka nikamwambia aingie tu. Akanipapasa kichwa. "Si wewe wa kunijibu, mwanangu," akasema, na akaendelea kusimama. Mama alikuja kujibu jua likiwa limeshapinda.

Urafiki huo ulivunjwa na paka. Baba alikuwa ameoa mke wa pili, na mke mwenyewe alikuwa jirani yetu, mwanamke aliyekuwa akiingia kwetu asubuhi na jioni kuomba chumvi. Mama alinyamaza, na hakumwambia mtu neno. Kisha kwenye harusi moja hapa hapa Msambweni, watu wamejaa, Kadzo akazua beti papo hapo:

*Paka wa jirani mzoevu, huingia bila hodi,*
*Mwenye nyumba kalala, kitoweo chaliwa.*

Vigelegele vikapigwa, na kila shingo ikageuka kumtazama mama. Wanasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Siku hiyo wote walikuwa werevu. Mama aliweka tari chini, akavaa buibui lake, akatoka. Kadzo alikuja kwetu siku tatu mfululizo kuimba hodi yake pale nje, na siku zote tatu mama alikaa ndani akichambua mchele, asijibu. Siku ya nne hakuja. Mwaka huo mumewe alifariki, naye akahamia Kinango kwa mwanawe. Ikapita miaka kumi na saba.

Miaka kumi na saba! Walizikiana watu kwa kutumiana salamu za mdomo. Mama akaacha kuimba, akasema koo limekauka. Uongo. Nilimsikia akiimba chooni.

Basi mimi nikajitia kuunganisha. Nilimpigia Kadzo kwa simu ya Abdulaziz, ambaye sasa ni mfanyabiashara wa mbuzi kwenye soko la Kinango.

"Shikamoo, mama Kadzo. Ni Husna wa Ummi."

Sauti ikaja, imekwaruza, nikaulaumu mtandao. "Marahaba. Mamako mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi. Nataka uje uimbe naye kwenye Ghala."

"Yeye ndiye alokutuma?"

"Hakunituma. Lakini nikimwambia waja, hatakataa."

"N'takuja," akasema. "Usiku wa Ijumaa, ile ya wiki ya tatu. Usiku mwengine siwezi, na usiniulize kwa nini. Wala usinipigie-pigie simu, watu wasije wakasema nimebembelezwa. Ahadi ni deni."

Nikaandika kwenye daftari: Ijumaa. Nikamwambia mama: Ijumaa, saa moja na nusu. Mama alikuwa anakuna nazi. Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikaanza kutoa weusi, ndipo akasema, "Atakuja kweli?"

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilibadilika. Tari lilishushwa juu ya kabati, ngozi ikapashwa moto. Mama ana miaka sabini na moja na alipaka hina mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilimkuta mara mbili amekaa peke yake uani akisema kwa sauti ya chini, pita, kiatu cha nini, pita, kiatu cha nini, kama mtoto anayehifadhi sura ya kwenda kumsomea mwalimu. Niliona fahari. Nasema kweli, nilijiona mtu wa maana sana.

Ikafika Alhamisi ya mtafiti. Ghala lilijaa watu arubaini na zaidi, wengi kutoka Diani, wamekuja na tuktuk zao zikawangoja nje. Alianza baada ya magharibi. Alikuwa kijana mwenye adabu, nisimseme vibaya. Alisema wazee wanaondoka na nyimbo zao, alisema tuna wajibu wa kusikiliza, watu wakaitikia kwa vichwa. Na mimi nilikuwa nimesimama nyuma karibu na mlango, feni ikinililia kichwani, nikitikisa kichwa kuliko wote.

Ndipo nikasikia mtu anaimba nje. Sauti ya mwanamke, imepasuka, inapanda kidogo halafu inakatika. Maneno sikuyasikia, naapa, kipaza sauti kilikuwa kinavuma na feni inalia. Nilichosikia ni kelele. Watu wawili wa nyuma wakageuka. Nikaona haya mbele ya wageni. Nikatoa kichwa mlangoni. Nje kulikuwa giza, taa ya langoni iliungua tangu Jumatatu na nilikuwa sijaibadilisha, na Baya, mlinzi wetu, alikuwa anakuja kwangu.

"Dada Husna, kuna mama hapa anamuuliza Bi..."

"Baya, si sasa. Mwambie anyamaze. Kuna mtu anazungumza."

Nikafunga mlango. Sauti ikaimba tena kidogo, kisha ikanyamaza. Nikashukuru. Mtafiti akapigiwa makofi mengi, na nikaenda nyumbani nikalala usingizi mzuri.

Ijumaa yenyewe saa kumi na mbili mama alikuwa ameshakaa jukwaani. Viti viwili, mkeka mmoja chini. Watu walikuja wengi, hata wale waliokuwa kwenye harusi ya paka, wamezeeka na macho yao yale yale. Saa moja na nusu. Saa mbili kasorobo. Nilipiga simu ya Abdulaziz ikawa imezimwa. Saa mbili na robo watu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha adabu. Mama hakutazama mlango hata mara moja, alikuwa anatazama kiti.

Saa mbili na nusu alisimama. "Mniwie radhi," akawaambia watu. "Mwenzangu hakuja. Na mimi peke yangu ni nusu ya wimbo." Akashuka. Bibi mmoja wa mbele akasema kwa sauti ya kusikika, "Amelipiza," na mama alisikia, maana nilimwona mabega yanashuka.

Watu walipoondoka tulibaki watatu, mama, mimi, na Baya anayepanga viti. Baya akauliza tu, bila nia yoyote, "Kwani yule mama wa jana hakurudi?"

"Mama gani?" nikasema.

"Yule aliyeimba. Aliuliza Bi Ummi yuko ndani, nikamwambia leo hayuko, rudi kesho. Akacheka. Akasema, 'Hiyo njoo kesho huambiwa waombaji. Kesho yangu mimi haina kitu.' Halafu akaimba tena, nikamwonyesha hivi." Baya akaweka kidole mdomoni. "Akanyamaza. Akaenda kwenye gari."

Mama alimwendea karibu. "Aliimba nini?"

Baya si mwimbaji. Alikuna kichwa, akayasema maneno makavu, kama mtu anayesoma namba ya gari. "Kwanza alibisha hodi. Hodi wa ndani, mgeni hana kiatu. Alirudia mara nyingi, akawa kama anangoja. Halafu akasema: Jiwe nilimrushia paka, likampata mwenye nyumba."

Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa karibu.

"Alimpiga paka," akasema. "Alikuwa anampiga paka. Miaka yote hii, Husna, alikuwa upande wangu." Kisha akainua uso. "Nani alimnyamazisha?"

Baya alinitazama. Alinitazama muda mfupi tu, kisha akainamisha macho kwenye viti vyake. "Wenye mazungumzo," akasema. Mimi nikamwacha aseme hivyo. Mungu ananiona, nilimwacha.

Simu ya Abdulaziz ikapatikana. Hakunisalimu. "Wataka nini tena?"

"Mama Kadzo yuko wapi? Tumemngoja leo..."

"Leo? Alikwambia usiku wa Ijumaa. Nilikuwa nimekaa pale pale akikwambia! Jana ndiyo ilikuwa usiku wa Ijumaa. Hospitali ya Mombasa ilimtaka alale huko tangu jana mchana, akamwomba daktari kwa magoti amruhusu aje alfajiri, kwa ajili yenu. Leo saa nne wamemfungua koo. Ana uvimbe. Wametoa kila kitu, Husna. Wametoa na sauti." Nikasikia anapumua. "Mimi nilikuwa garini. Alirudi akasema, 'Hawatutaki, twende.' Nilitaka kukupigia, akaninyang'anya simu. Hakusema neno jengine mpaka asubuhi."

Nilikuwa nimeweka sauti kubwa na mama alisikia yote.

"Alikwambia usiku wa Ijumaa," mama akasema.

"Ndiyo."

"Nawe ukaniambia Ijumaa saa moja na nusu."

"Ndiyo, mama."

"Husna, we mtoto wa nani? Jua la Alhamisi likishatua ni usiku wa Ijumaa. La Ijumaa likishatua ni usiku wa Jumamosi. Hata kuku wa Msambweni wajua."

Nami nilijua. Nimezaliwa nikijua. Nimesomewa Yasini kila usiku wa Ijumaa wa utoto wangu, na ilikuwa Alhamisi. Lakini nilikaa miaka kumi na moja kwenye mapokezi ya hoteli moja Diani, na kila wiki niliandika ubao wao: Usiku wa Ijumaa, nyama choma na muziki. Na wageni walikuja Ijumaa jioni, wakala, wakacheza. Hapakuwa na mtu wa kunikosoa. Mwanamke mmoja akanena nami lugha ya mama yangu, na mimi nikamsikia kwa sikio la hoteli.

Jumatatu ndipo waliporuhusu wageni. Tulivuka feri asubuhi, mama amevaa lile gauni la jukwaani chini ya buibui, na tari ndani ya mfuko. Njia nzima nilikuwa nayo midomoni ile habari ya kumtuma Baya, na kila nilipotaka kuisema niliona hina miguuni mwake.

Kadzo alikuwa chumba cha mwisho, kitanda cha dirishani. Alikuwa amekonda, sikumbuki kama nilishawahi kumwona mdogo vile. Shingoni kitambaa cheupe, na katikati ya kitambaa mrija. Abdulaziz alituona, akainuka, akatupisha bila salamu.

Mama hakuingia. Alisimama kizingitini, akavua viatu vyake, akavishika mkononi. Akaimba, kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka kumi na saba nje ya choo chetu:

*Hodi, hodi wa ndani, mgeni hana kiatu.*

Kadzo akageuza uso. Alimwona. Akafungua mdomo, na kifua kikapanda kwa bidii, na kilichotoka ni pumzi, tena haikutokea mdomoni. Akafunga mdomo. Akaufungua tena.

"Ingia, mama," nikamwambia.

"Sijajibiwa."

Tukasimama hivyo. Nilitaka niseme mimi, pita, kiatu cha nini, maneno nilikuwa nayo ulimini. Si mimi wa kumjibu. Ndipo Kadzo akainua mkono, na mama akasogea nusu hatua, akidhani anaitwa. Lakini ule mkono ulikwenda usoni. Kadzo aliweka kidole kwenye midomo yake, vile vile alivyofanya Baya, akaniangalia mimi.

Sijui kama alikuwa ananilaumu, au ni utani wake wa zamani, au alikuwa anaeleza tu kilichomzuia kuimba. Alikuwa mtu wa mafumbo.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema alinyamazishwa."

"Na Baya. Najua."

"Baya alitumwa, mama. Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimsikia anaimba, sikumjua, nikaona haya kwa wageni. Nilisema mwambie anyamaze."

Mama alinitazama. Nilitaka anipige, kibao kimoja tu, mbele ya wagonjwa wote. Uso wake haukubadilika.

"Toka, Husna," akasema.

Nikatoka. Akaingia bila kujibiwa, mara ya kwanza maishani mwao, na akarudisha mlango nyuma yake. Nikasikia kiti kinavutwa na mfuko unafunguliwa. Alianza upya kutoka mwanzo, hodi, hodi wa ndani. Akasita kidogo, pale pa kujibiwa. Halafu akajijibu mwenyewe, pita, kiatu cha nini, na alijibu kwa sauti nzito ya chini tumboni, ile aliyokuwa akimwigia Kadzo zamani walipokuwa wakitaniana. Sauti yake ilipasuka katikati. Akaendelea. Aliimba na jiwe, akaimba na paka, akaimba harusi nzima, sauti mbili, mtu mmoja, na tari likigongwa kwa vidole tu.

Muuguzi akaja mbio kutoka mwisho wa ujia, kidole tayari mdomoni. "Mwambie mama anyamaze. Kuna wagonjwa humu."

"Siwezi, dada yangu."

"Basi nipishe nimwambie mimi."

Nikaweka mgongo kwenye mlango. Alinisukuma, akaniita majina, akaenda kumwita mkubwa wake, na mkubwa akaja, na mimi sikusogea mpaka tari lilipolala.

Nikangoja niitwe ndani. Nikabisha hodi, ile ya watu wote, kwa sauti ndogo. Walikuwa wananisikia, mlango ni wa mbao nyembamba. Hakuna aliyenijibu.